Namna ya Kuomba Mabadilishano ya Ada kwa Mtoto wa Mfanyakazi wa Chuo Kikuu Nchini Marekani

Ukifanya kazi katika chuo kikuu cha binafsi nchini Marekani, iwe unafundisha, unapanga vitabu maktabani, unatengeneza mabomba au unapokea simu katika ofisi ya udahili, huenda ajira yako imebeba haki moja ambayo thamani yake kwa miaka minne inaweza kuzidi mshahara wako wa mwaka mzima, na ambayo wafanyakazi wengi huisikia kwa mara ya kwanza mtoto akiwa amebakiza miezi michache kumaliza sekondari. Haki hiyo ni mabadilishano ya ada, yaani mpango unaomwezesha mtoto wako kusoma shahada ya kwanza katika chuo kingine bila kulipa ada ya masomo, au kwa kulipa sehemu yake tu, kwa sababu chuo chako nacho huwapokea watoto wa wafanyakazi wa vyuo vingine kwa masharti hayohayo.

Nimeiita haki kwa mazoea ya kusema tu. Mtoto anapobaki kusoma katika chuo kilekile unachofanyia kazi, msamaha wa ada kwa kawaida ni haki ya ajira: ukitimiza masharti na mtoto akidahiliwa, unaupata. Mabadilishano hayako hivyo. Hapo kuna vyuo viwili, kila kimoja na hesabu zake, na ombi lako hufanikiwa pale tu hesabu za vyote viwili zinapolikubali. Ni vyema basi kuanza kwa kuzielewa hesabu hizo, maana karibu kila ushauri utakaofuata umetokana nazo.

Hesabu za vyuo viwili

Chuo kinachomwajiri mzazi nitakiita chuo cha nyumbani, na kile anachotaka kusoma mtoto nitakiita chuo mwenyeji. Kwa kawaida hakuna fedha zinazotoka kimoja kwenda kingine. Chuo mwenyeji hukubali kupoteza ada ya mwanafunzi mmoja kwa matumaini kwamba na watoto wa wafanyakazi wake watapokelewa kwingine. Kwa kuwa hakuna malipo, kinachobaki kuhesabiwa ni vichwa: chuo kimetuma wangapi, na kimepokea wangapi.

Katika mtandao mkubwa na wa zamani kuliko yote, The Tuition Exchange, ulioanzishwa mwaka 1954 na sasa una vyuo wanachama zaidi ya 600, kila chuo kinatakiwa kulinda uwiano kati ya wanaotumwa na wanaopokelewa. Chuo kilichotuma wanafunzi wengi kuliko kilichopokea huwa kina deni, na chuo chenye deni hufanya mambo mawili kwa wakati mmoja: hubana idadi ya watoto wa wafanyakazi wake kinaowaruhusu kuomba, na hufungua mlango zaidi kwa watoto wanaotoka nje. Kwa mzazi, jambo la kwanza ni kikwazo na la pili ni fursa, kutegemea deni hilo liko upande gani. Chuo maarufu chenye maombi mengi hakina shida ya kupokea. Shida yake ni kuchagua. Chuo kizuri lakini kisichojulikana sana, ambacho watoto wa wafanyakazi wake hupenda kusoma mbali, mara nyingi kinatafuta watu wa kuwapokea ili kusawazisha hesabu.

Je, unastahili?

Masharti ya mzazi huwekwa na chuo cha nyumbani. Mtandao hauna usemi mkubwa hapo, kwa hiyo jibu la rafiki yako anayefanya kazi chuo cha jirani halikusaidii, hata kama vyuo vyote viwili ni wanachama wa mtandao mmoja. Vyuo vingi hudai mfanyakazi awe wa muda wote na awe amekamilisha kipindi fulani cha utumishi, ambacho kwa baadhi ni mwaka mmoja na kwa wengine ni miaka kadhaa. Baadhi huhesabu miaka uliyofanya kazi katika chuo kingine kabla ya kuhamia hapo. Wengine huanza kuhesabu upya. Anza kwa kusoma kitabu cha kanuni za wafanyakazi, kisha nenda ofisi ya rasilimali watu ukaulize lile ambalo kitabu hakikulisema.

Lipo jambo moja linalowaumiza hasa wanaofanya kazi za usafi, ulinzi na jikoni. Vyuo vingi vimekabidhi kazi hizo kwa makampuni ya nje, na mtu anaweza kuvaa sare yenye nembo ya chuo kwa miaka kumi ilhali kisheria si mfanyakazi wa chuo hicho. Tazama hati yako ya mshahara na usome jina la mwajiri. Likiwa ni la kampuni, mpango huu kwa kawaida haukuhusu. Ikiwa unafikiria kuhamia nafasi inayolipwa na chuo chenyewe, hata kwa mshahara uleule, thamani ya ada ya mtoto ni sababu nzito ya kufanya hivyo mapema, kabla ya saa ya miaka ya utumishi kukupita.

Upande wa mtoto, wanaotambuliwa kwa kawaida ni mtoto wa kuzaa, wa kuasili kisheria na wa kambo. Sisi tuliolelewa katika familia pana tunahitaji kulisikia hili bila kuzungushwa: mtoto wa dada yako uliyemlea tangu akiwa mdogo, anayekuita baba na ambaye hajui nyumba nyingine, hahesabiwi kuwa mtoto wako mpaka pawe na hati ya mahakama ya kumwasili, na ulezi wa kisheria peke yake katika vyuo vingi hautoshi. Kama kuasili ni jambo mnalolikusudia, shughuli yake huchukua muda mrefu, na haipaswi kuachwa hadi mwaka wa maombi. Vyuo vingi pia vina ukomo wa umri, na wengi hutaka mtoto awe tegemezi wa mzazi katika fomu za kodi ya mapato, sharti ambalo nitalirudia baadaye kwa sababu lina mizizi katika sheria.

Kwa familia ambazo hazijapata uraia, mtandao wenyewe kwa kawaida si kizuizi. Kinachoamua ni sera ya kila chuo na hali ya uhamiaji ya mtoto. Mtoto mwenye hadhi ya H-4 au J-2, yaani viza wanazopewa wanafamilia wa mfanyakazi wa kigeni (H-4) au wa mgeni wa mpango wa kubadilishana (J-2), anaruhusiwa kusoma, lakini hadhi hiyo hukoma anapotimiza miaka 21, jambo ambalo kwa wengi hutokea katikati ya shahada. Atalazimika kubadili hadhi, mara nyingi kuwa F-1, yaani ya mwanafunzi wa kigeni, na hapo ataombwa uthibitisho wa uwezo wa kifedha. Barua ya chuo mwenyeji inayoonyesha kiasi cha ada kilichosamehewa ni sehemu muhimu ya uthibitisho huo, kwa hiyo itunzwe.

Mitandao iliyopo

Chuo kimoja kinaweza kuwa mwanachama wa mitandao miwili au mitatu, na mara nyingi mtoto anaruhusiwa kuomba kupitia yote. Ukiacha The Tuition Exchange, mtandao unaofuata kwa ukubwa ni wa Council of Independent Colleges, unaofahamika kwa kifupi chake CIC-TEP. Tofauti yake ni ya msingi: hapa hakuna kulinda uwiano. Kila chuo kilichojiunga huahidi kupokea angalau wanafunzi wapya 3 kila mwaka, bila kujali kimetuma wangapi, na msamaha unaotolewa ni wa ada yote ya masomo. Vyuo vingi vya mtandao huu ni vidogo. Kwa mzazi anayetaka uhakika wa gharama, ninaona CIC-TEP haipewi uzito unaoustahili, pengine kwa sababu majina ya vyuo vyake hayatikisi mtu kwenye mazungumzo ya wazazi.

Vyuo vya Wajesuiti vina mpango wao uitwao FACHEX, wenye majina kama Fordham, Marquette na Creighton, na vyuo vingine vya Kikatoliki vina ushirikiano wao wa kubadilishana ada. Si lazima familia iwe ya Kikatoliki. Linaloangaliwa ni mwajiri. Upo pia mpango wa Great Lakes Colleges Association kwa vyuo vya eneo la maziwa makuu ya Marekani, na vikundi vidogo vya vyuo viwili au vitatu vilivyokubaliana vyenyewe kwa vyenyewe. Vikundi hivi vya mwisho havitangazwi sana, na njia ya kuvijua ni kuuliza.

Usichanganye mipango hii na ile ya majimbo, kama vile Western Undergraduate Exchange ya majimbo ya magharibi, ambako mwanafunzi wa jimbo moja husoma katika chuo cha umma cha jimbo jingine kwa ada isiyozidi asilimia 150 ya ile wanayolipa wakazi. Hiyo haitegemei mzazi anafanya kazi wapi. Vilevile, baadhi ya vyuo vikubwa havimo katika mtandao wowote lakini huwapa wafanyakazi wao ruzuku ya fedha taslimu ambayo hulipwa moja kwa moja kwenye chuo chochote atakachosoma mtoto. Ukiajiriwa na chuo cha namna hiyo, sehemu kubwa ya mwongozo huu haikuhusu, isipokuwa maelezo ya kodi.

Mtu wa kumtafuta kwanza

Kila chuo mwanachama kina mratibu wa mabadilishano. Anaweza kuwa katika ofisi ya rasilimali watu, ya msaada wa kifedha au ya udahili, na mara nyingi kazi hii ni nyongeza tu juu ya majukumu yake mengine. Yeye ndiye anayethibitisha kwamba unastahili na ndiye anayelituma jina la mtoto wako kwa vyuo wenyeji. Bila yeye hakuna ombi. Mwandikie mapema, mtoto akiwa darasa la 11 au hata la 10 (sekondari ya Marekani huishia darasa la 12), na umuulize mambo ambayo tovuti haziyasemi.

Muulize kwanza chuo chako hutuma watoto wangapi kwa mwaka, na ikiwa waombaji watazidi nafasi, nani hutangulizwa. Vyuo vingine hufuata miaka ya utumishi, vingine huchagua kwa bahati nasibu, vingine humtanguliza mfanyakazi ambaye hajawahi kunufaika, maana yake mtoto wako wa pili anaweza kuwekwa nyuma ya mtoto wa kwanza wa mwenzako. Ukiwa na watoto watatu waliopishana miaka miwili, jibu la swali hili ndilo litakaloamua mpango wa familia nzima. Muulize pia tarehe ya mwisho ya ndani, kwa kuwa chuo cha nyumbani huweka tarehe yake ambayo huitangulia ile ya vyuo wenyeji, na hiyo ndiyo inayowapita watu. Muulize idadi ya vyuo anavyoruhusiwa mtoto kuomba, na ada ya ushiriki kama ipo, na nani anayeilipa. Kisha muulize jambo ambalo watu huona haya kuliuliza: ukiacha kazi, ukiachishwa, ukistaafu, ukiugua kiasi cha kutoweza kufanya kazi, au ukifariki, nini hutokea kwa mtoto aliyeko mwaka wa pili wa masomo? Majibu hutofautiana sana, na inafaa uyapate kwa maandishi.

Kalenda ya mwaka wa maombi

Mwaka wa masomo wa Marekani huanza Agosti au Septemba, na mtoto anayetarajia kuingia chuoni mwaka ujao anatakiwa kuwa na orodha ya vyuo kabla ya kuanza darasa la 12. Mwezi Agosti au Septemba ujaze ombi la mabadilishano kupitia mratibu wako. Vyuo wenyeji wengi hufunga maombi kati ya Oktoba na Januari, na kila kimoja kina tarehe yake. Fomu ya msaada wa serikali ya shirikisho, FAFSA, hufunguliwa tarehe 1 Oktoba, na raia, wenye ukaazi wa kudumu pamoja na wakimbizi waliokubaliwa wanapaswa kuijaza hata kama wanaamini kipato chao ni kikubwa, kwa sababu vyuo wenyeji wengi huidai kabla ya kutoa uamuzi wa mabadilishano.

Kosa linalorudiwa kila mwaka ni kudhani kwamba ombi la mabadilishano ni ombi la udahili. Ni mambo mawili yasiyofahamiana. Mtoto anaomba udahili kama mwanafunzi mwingine yeyote, kwa insha zake, alama zake na barua za walimu wake, na kwa tarehe za ofisi ya udahili. Mzazi na mratibu wanapitisha jina lake katika mfumo wa mabadilishano, kwa tarehe za mfumo huo. Mtoto anaweza kudahiliwa na kunyimwa ufadhili. Hawezi kupewa ufadhili bila kudahiliwa.

Kuwa mwangalifu zaidi na maombi ya mapema yanayomfunga mwanafunzi, ambapo anaahidi mwezi Novemba kwamba akikubaliwa ataviacha vyuo vingine vyote. Uamuzi wa udahili hutoka Desemba, lakini uamuzi wa mabadilishano katika vyuo vingi hutoka kati ya Februari na Aprili. Familia inajikuta imeahidi kwenda mahali ambapo haijui itadaiwa kiasi gani. Kabla ya mtoto kutia saini ahadi ya namna hiyo, piga simu chuo mwenyeji na uulize kama waombaji wa mapema hupewa jibu la mabadilishano pamoja na la udahili. Wasiposema ndiyo waziwazi, mwambie mtoto aombe kwa utaratibu wa kawaida, au ule wa mapema usiomfunga.

Majibu yakitoka, mtoto hupewa muda wa kukubali, na wakati mwingine muda huo ni mfupi kuliko tarehe 1 Mei ambayo vyuo vingi vimeizoea kuwa siku ya mwisho ya kuthibitisha nafasi. Akiwekwa kwenye orodha ya kusubiri, mratibu wa chuo mwenyeji anaweza kuandikiwa barua fupi ya heshima inayosema kwamba chuo hicho ndicho chaguo la kwanza. Kila anayekataa ofa huacha nafasi wazi, na nafasi hizo hugawiwa Aprili na Mei kwa wale ambao bado wanaonekana kuzihitaji.

Kuchagua vyuo

Wazazi wengi hufungua orodha ya wanachama, wakatafuta majina wanayoyajua na kuishia hapo. Watagundua upesi kwamba Harvard, Yale na Princeton hazimo. University of Southern California na Syracuse ni miongoni mwa majina makubwa ya The Tuition Exchange, na kwa sababu hiyohiyo ndizo sehemu zenye msongamano. Kuomba huko si vibaya, mradi orodha isiishie huko.

Orodha nzuri hujengwa kwa kufikiria kama chuo mwenyeji kinavyofikiria. Kinatoa nafasi zenye thamani kubwa, na kwa kawaida kitampa yule ambaye alama zake zinainua wastani wa darasa lake jipya. Mtoto aliye katika robo ya juu ya wanafunzi wanaodahiliwa na chuo fulani ana matumaini ya kweli hapo. Mtoto aliye katikati anaweza kudahiliwa vizuri kabisa lakini akapitwa katika mabadilishano. Kwa hiyo orodha ya mabadilishano inatakiwa kuegemea chini kidogo ya orodha ya kawaida ya maombi. Najua ushauri huu huwakera watoto wenye alama nzuri, na wazazi wao zaidi.

Mwandikie mratibu wa kila chuo mwenyeji mnachokifikiria. Uliza waombaji walikuwa wangapi mwaka uliopita na waliopewa ni wangapi; uliza wastani wa alama za waliopewa; uliza kama zipo fani zilizotengwa, maana uuguzi, famasi na programu za miaka mitano za usanifu majengo wakati mwingine haziruhusiwi. Mratibu ambaye chuo chake kinahitaji kupokea wanafunzi atakujibu kwa furaha, na pengine atakukaribisha kutembelea. Anayejibu kwa sentensi moja naye amekwambia kitu.

Na kiwekeni chuo cha nyumbani ndani ya orodha, hata kama mtoto hataki kuonana na mzazi wake kila anapokwenda kula. Msamaha wa ada kwa mtoto anayesoma chuo cha nyumbani ndio ulio karibu zaidi na uhakika, na ni vizuri uwepo mezani mwezi Aprili.

Hesabu kabla ya furaha

Neno ada lina maana finyu hapa. Mabadilishano hufuta ada ya masomo. Hayafuti malazi, chakula, tozo za huduma, bima ya afya, vitabu wala nauli. Aidha, The Tuition Exchange huweka kila mwaka kiwango cha pamoja, ambacho katika miaka ya karibuni kimefika dola 40,000 na zaidi. Chuo ambacho ada yake iko chini ya kiwango hicho hufuta yote. Chuo chenye ada kubwa zaidi kinaweza kuishia kwenye kiwango na kukuachia tofauti.

Chukua mfano wa kubuni. Chuo cha kwanza kina ada ya dola 62,000, na malazi, chakula na tozo ni dola 20,000; kinatoa kiwango cha pamoja, tuseme 42,000. Unabakiwa na dola 40,000 kwa mwaka. Chuo cha pili kina ada ya dola 39,000 ambayo yote inafutwa, na gharama nyingine ni dola 15,000. Unabakiwa na 15,000. Kwa miaka minne tofauti kati ya barua hizo mbili, ambazo zote zinaanza kwa neno hongera, ni dola 100,000. Sasa weka kando yake chuo cha umma cha jimbo lako ambacho ada na malazi kwa pamoja ni dola 27,000 bila mpango wowote: kimekishinda chuo cha kwanza kwa mbali.

Kuna tabaka jingine ambalo halionekani mpaka uulize. Vyuo wenyeji wengi hutoa mabadilishano badala ya ufadhili wao mwingine, wala si juu yake. Kama chuo cha kwanza katika mfano wetu kingempa mtoto huyohuyo dola 30,000 kwa sababu ya alama zake, basi mabadilishano yamemwongezea 12,000 tu, na pengine familia yenye kipato kidogo ingepata zaidi kwa kupitia msaada wa mahitaji, ule unaotolewa kwa kuangalia uwezo wa kifedha wa familia, peke yake. Omba chuo mwenyeji kikuonyeshe vifurushi vyote viwili, kile chenye mabadilishano na kile kisicho nayo, kabla ya kukubali. Uliza pia kuhusu Pell Grant, ruzuku ya serikali ya shirikisho ambayo kiwango chake cha juu kwa mwaka 2025-26 ni dola 7,395. Vyuo vingine huiacha ilipie malazi na chakula, jambo linalopunguza sana mzigo. Vingine hutaka ianze kulipia ada, kisha chuo ndicho kijaze kilichobaki, na hapo anayenufaika na ruzuku ni chuo.

Upande wa kodi

Kifungu cha 117(d) cha sheria ya kodi ya Marekani, kilichoingizwa mwaka 1984, kinaondoa punguzo la ada kwenye kipato kinachotozwa kodi, mradi elimu hiyo iko chini ya kiwango cha shahada ya pili na mpango hauwapendelei wafanyakazi wa mishahara ya juu. Kinga hiyo inafuata pia masomo katika chuo kingine, ndiyo maana mabadilishano yanawezekana bila kukuletea deni la kodi. Shahada ya uzamili ya mtoto haimo katika kinga hii, na mitandao mingi haiihusishi pia.

Kinga ni kwa mtoto tegemezi kwa maana ya sheria ya kodi. Wazazi waliotalikiana hawana haja ya kugombana hapa: kwa madhumuni ya kifungu hiki mtoto wao kwa kawaida huhesabiwa kuwa tegemezi wa wote wawili, ingawa chuo kinaweza kuwa na sharti lake kali zaidi. Penye utata ni kwa mtoto aliyebaki nyumbani Afrika Mashariki na anayekuja moja kwa moja chuoni kwa viza ya F-1. Sheria ya kodi humtambua tegemezi ambaye ni raia wa Marekani au mkaazi wa Marekani, Kanada au Mexico, na mwanafunzi wa F-1 kwa kawaida hahesabiwi kuwa mkaazi kwa miaka yake 5 ya kwanza. Chuo kinaweza kumkubali, lakini msamaha wake ukaongezwa kwenye kipato chako na kukatwa kodi kila mwezi. Kodi ya dola 40,000 za ziada si kitu cha kugundua kwenye hati ya mshahara. Mwone mtaalamu wa kodi kabla ya kukubali ofa.

Baada ya kupata

Ufadhili huu hufanywa upya kila mwaka, kwa kawaida hadi mihula 8, na kufanywa upya huko kunahitaji pande mbili. Mtoto lazima aendelee kusoma kwa muda wote, alinde wastani wa alama uliowekwa na chuo mwenyeji na asivunje kanuni za nidhamu. Mzazi lazima aendelee kuwa mfanyakazi anayestahili, na mratibu wa chuo cha nyumbani lazima athibitishe hivyo tena kila mwaka. Mratibu anaweza kubadilika, kusahau, au kudhani umeondoka. Mkumbushe mwenyewe kwa barua pepe mwanzoni mwa mwaka wa kalenda, na umwombe akujibu baada ya kuthibitisha.

Masomo ya majira ya joto na muhula wa kusoma nchi nyingine mara nyingi havimo, na fani inayohitaji miaka mitano itaacha mwaka wa mwisho juu yenu. Mtoto akitaka kuhamia chuo kingine, ufadhili haumfuati. Anaomba upya, na si kila chuo hupokea wanaohama. Ukipata kazi katika chuo kingine ambacho nacho ni mwanachama, usidhani mambo yatajiunga yenyewe. Mwajiri mpya anaweza kukutaka utimize kwanza miaka yake ya utumishi, na katika pengo hilo chuo mwenyeji kina haki ya kudai ada kamili kuanzia muhula unaofuata. Kabla ya kusaini mkataba mpya, omba ofisi ya rasilimali watu ya huko ikuandikie kama itamthibitisha mtoto wako tangu siku ya kwanza. Jambo hilo linaweza kujadiliwa pamoja na mshahara, na ni rahisi zaidi kulipata kabla hujasaini.